Mwenyeji wa Mstari wa Kwanza

Kwa siku tisa nilikosa usingizi kwa sababu ya mkono wa kushoto wa Mama Maabara.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Asubuhi ile nilipombandika selotepu mkononi, alikuwa amepaka mafuta au hakuwa amepaka? Mwenyewe alisema hajapaka. Alisema mara mbili, na mara ya pili alipandisha sauti. Sasa mimi, mtoto wa mtaa wa Mandewa niliyefundishwa kuamkia hata wazee waliosinzia, ningeanzia wapi kumwambia mwanamke wa rika la mama yangu mkubwa, "Shikamoo mama, hivi siku ile ulinidanganya?"

Nilijaribu kila njia nikiwa nimelala chali natazama mabati. Niliandika ujumbe wa simu nikaufuta. Niliandika mwingine wenye "samahani" tatu, nikaona tatu ni nyingi, nikapunguza moja, nikafuta wote. Nilifikiria kumtuma mama yangu, nikakumbuka kwamba mama angetaka kwanza kujua mtu mzima mwenye shahada ana shughuli gani na mikono ya watu. Nilifikiria kuuliza kwa kuzunguka: "Mama, hivi siku hizi mafuta gani ni mazuri kwa ngozi?" Lakini yeye alikuwa amekula mshahara wake wote wa maisha kwa kazi ya kuwakamata watu wanaozunguka.

Ni bora nieleze huyu alikuwa mtu wa namna gani.

Tulimwita Mama Maabara, wote, kuanzia mlinzi hadi mkuu wa pale. Alifanya kazi katika maabara ndogo mjini Singida, vyumba viwili na baraza, ambako wenye mashine za kukamulia walileta mafuta yao ya alizeti yapimwe kabla ya kuuzwa. Nilimfahamu nikiwa kidato cha pili, shule ilipotupeleka kutembea. Mwalimu alituambia tusiguse kitu. Nikagusa. Mama Maabara hakufoka. Alinishika kidole, akakigandamiza juu ya kipande cha kioo safi, akakiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha mbele ya darasa zima.

"Mnaona hili doa? Haya ni mafuta ya mgando aliyopaka asubuhi. Na hapa pembeni kuna karanga. Kijana huyu ameniletea kifungua kinywa chake kazini kwangu."

Darasa lilicheka hadi mwalimu akatoka nje. Mimi nilikwenda nyumbani nikanawa mikono mara nne, na nadhani ndiyo siku niliyoamua kusoma kemia, ingawa sijawahi kuwa na uhakika kama ilikuwa kwa kuipenda au kwa kujitetea.

Nilirudi kwake nikiwa chuoni, kwa mafunzo ya vitendo, na nikarudi tena baada ya kuhitimu. Kwa miaka yote hiyo mikono ndiyo ilikuwa dini yake. Hukuingia maabara bila kunawa kwa sabuni ya kipande, kwa sababu sabuni ya maji aliiona ina manukato. Alikuwa akikunusa. Unapita mlangoni, yeye amekupa mgongo, anasema, "Mafuta ya nazi. Rudi ukanawe." Siku moja alikuja ofisa mmoja na msafara wake kukagua. Aliwanawisha wote kwa foleni, na yule ofisa akanawishwa mara mbili kwa sababu alishika nywele zake alipokuwa anasubiri kujifuta.

Pamoja na hayo, kwenye droo iliyo chini ya mizani kulikuwa na karanga zake za kukaanga, ndani ya chupa iliyoandikwa SAMPULI. Sheria ya kutokula maabara aliibandika yeye mwenyewe ukutani. Nilipomuuliza kuhusu ile chupa alinitazama kwa huruma. "Hizo nazichunguza," alisema. Mizani ile ile, inayopima hadi uzito wa punje ya mchanga, niliikuta siku moja ina kitunguu kizima juu yake. Jirani yake alikuwa amezozana na muuza vitunguu kuhusu ni kipi kikubwa kati ya viwili, na suala likaletwa kwake.

Alishika asidi kali kama mtu anayeshika chai, lakini aliogopa bodaboda. Alitembea kwa miguu kutoka kwake hadi kazini, jua na upepo, na vijana wa kijiweni walimtania kila siku: "Mama, leo bure!" Naye hujibu bila kugeuka, "Hata kaburini ni bure."

Halafu kulikuwa na oveni. Ilikuwa kuukuu, mlango wake ulifungwa kwa waya, nayo ndiyo tuliyotumia kuunguzia mabamba ili madoa yaonekane. Kila aliyeanza kazi pale alilazimika kuiamkia. "Huyu alikuja kazini kabla baba yako hajaoa," alisema. "Unapita tu mbele yake kama mbuzi?" Nilidhani ni utani hadi nilipomsikia peke yake asubuhi, kabla sijaingia, akisema kwa unyenyekevu, "Shikamoo," halafu kimya kidogo, kama anayesikiliza jibu.

Maneno yake mengi siwezi kuyaandika, hasa yale aliyoyasema kwa Kinyaturu akiwa amekasirika. Moja lilikuwa kama katiba ya pale. Ukimkimbilia na matokeo, anainua kiganja: "Usiniletee jibu. Niletee bamba."

Bamba ni kipande cha kioo, kimepakwa unga mweupe mwembamba upande mmoja. Unadondosha tone dogo la kila sampuli karibu na ukingo wa chini, kila moja kwenye mstari wake, kisha unalisimamisha bamba ndani ya mtungi wenye dawa kidogo. Dawa inapanda juu taratibu kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na inabeba kila aina ya mafuta hadi kimo chake. Ukiliunguza bamba, unaona madoa meusi, kila kitu mahali pake. Ni kazi ya zamani, ya bei nafuu, na yeye aliijua kuliko watu wenye mashine kubwa.

Na kwenye kila bamba, mstari wa kwanza kushoto, aliweka tone la mafuta ya alizeti kutoka shambani kwake Ihanja. Chupa yake ilikaa rafu ya juu. Tone hilo aliliita "mwenyeji." Kila bamba lilikuwa na mwenyeji, hata tulipopima kitu kisichohusiana kabisa na alizeti. "Unawezaje kukaribisha wageni nyumbani na mwenyeji hayupo?" aliuliza. "Nani atakuambia wageni wamefika wapi?"

Doa la mwenyeji lilikuwa juu, jeusi, la mviringo, na chini yake lilikuwa na kivuli chembamba kama mkia. Alinifundisha kwamba mafuta yote yanayokamuliwa vijijini yana mkia huo, kwa sababu yanakaa juani kwenye madumu. Kinachotofautiana ni urefu. Aliwahi kuja mkamuaji mmoja kutoka Ikungi, mtu wa heshima, kanzu safi, na dumu ambalo aliapa ni la msimu huu. Bamba likatoka na mkia kama wa tumbili.

"Mzee wangu," alisema Mama Maabara, "humu kuna mafuta ya mwaka jana."

"Mungu mmoja, mama, ni ya mwaka huu!"

"Mungu simpimi mimi. Napima dumu."

Yule mzee alilitazama bamba, akamtazama mwenyeji, akatazama mkia wake. Akacheka mwenyewe. "Nusu," alisema. "Ni nusu tu, mama." Wakanywa chai pamoja.

Huyo ndiye mtu niliyetakiwa kumuuliza kama ni mwongo.

Kuna jambo moja zaidi, na ningelitia maanani mapema ningekuwa na akili ninayodhaniwa kuwa nayo. Mama Maabara, adui wa mafuta mikononi, alikuwa mtu wa kung'aa. Baada ya kazi alivua koti, akatoka barazani, akafungua kichupa kutoka kwenye mkoba, akajipaka mikono na miguu polepole kama anayefunga hesabu ya siku. Mnajua upepo wetu wa Juni. Unakausha ngozi hadi ukijikuna unaweza kuandika jina. Kwake, kupauka halikuwa suala la ngozi. "Mtu aliyepauka," alisema, "ni kama nyumba isiyo na wenyewe. Watu wanapita wanauliza, huyu hana wa kwao?" Aliwahi kumzuia mfagizi asitoke kwenda benki mpaka apake visigino.

Sasa, utafiti. Baada ya kuhitimu nilipata nafasi ya usaidizi kwa msimamizi mmoja aliyekuwa Dar es Salaam. Alitaka kujua mafuta yaliyomo kwenye tabaka la nje kabisa la ngozi ya watu wa nchi kavu yenye upepo. Tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi. Ni seli zilizokufa zimepangwa kama tofali, na katikati yake kuna mafuta yanayozishika kama udongo wa kujengea, ili maji ya mwilini yasitoke. Mafuta hayo ni ya aina tatu hasa: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Unayapata bila kumuumiza mtu. Unabandika selotepu mkononi, unabandua, na tabaka linakuja nayo. Unarudia, unaziloweka zile selotepu kwenye dawa, na unachopata unakidondosha kwenye bamba.

Nilimweleza Mama Maabara kwa dakika kumi. Alisikiliza vizuri.

"Kwa hiyo, Msomi," alisema, "umekaa chuo miaka yote hiyo ili urudi kubandua watu kwa selotepu?"

Msomi lilikuwa jina langu pale. Hakulitumia kwa sifa.

Lakini siku ya pili nilimkuta amekwisha safisha mitungi yangu. Siku ya tatu alikuwa ameniambia selotepu yangu ni mbovu na amenunua nyingine. Wiki haijaisha utafiti ulikuwa wake, na mimi nilikuwa nikimsaidia. Tuligombana mara moja tu, alipodondosha alizeti kwenye mstari wa kwanza.

"Mama, hii ni ngozi. Alizeti haihusiki."

"Kwani mwenyeji anahama nyumbani akija mgeni wa kabila lingine?"

Nikadondosha sampuli zangu kuanzia mstari wa pili.

Watu wa kwanza walikuwa kumi na wawili, wakulima wa Ikungi. Niliwaomba wasipake chochote kwa siku saba, wakakubali. Nilifikiria kila kitu. Nilifikiria joto la chumba, nguvu ya kidole juu ya selotepu, hata upande ambao upepo ungeingilia mlangoni. Nikachagua siku ya gulio ili wasipate taabu ya kusafiri mara mbili. Nilimuuliza kila mmoja, "Umepaka mafuta?" Kila mmoja alijibu hapana, kwa adabu.

Mama Maabara hakuwepo bamba lilipotoka. Lilikuwa na yale madoa matatu ya ngozi, chini na katikati, kama vitabu vinavyosema. Na juu yake, kwa wote kumi na wawili, doa kubwa jeusi la mafuta ambayo mkono, baada ya kubanduliwa mara kadhaa, haukupaswa kuwa nayo kwa wingi ule.

Nilimwandikia msimamizi, bila picha, akafurahi hadi akapiga simu. Labda, alisema, ngozi ya watu wa ukame inajiwekea akiba yake. Labda hakuna aliyewahi kuliona. Mimi nilifurahi kwa saa mbili, halafu nikaanza. Je, kama walipaka? Nilihitaji mtu mmoja ambaye neno lake halina shaka. Mtu mmoja tu. Kama huyo hajapaka, na doa lipo, basi doa ni la ngozi.

Mkoa mzima nilimjua mtu mmoja wa namna hiyo. Nilimwomba siku saba. Alikubali. Siku ya saba, saa mbili asubuhi, alikunja mkono wa gauni.

"Mama, wiki hii hujapaka chochote?"

"Sijapaka."

"Hata kidogo, labda kwa bahati mba..."

"Nimesema sijapaka! Bandika, nina shughuli."

Doa likawepo.

Nilipiga picha, na kabla ya kuituma nikaukata mstari wa kwanza. Niliona haya. Nilihofia msimamizi angeuliza alizeti inatafuta nini kwenye utafiti wa ngozi, na mimi ningeonekana mtu wa kutoka vijijini na chupa yake. Nikaituma, akapendezwa. Akaandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa wanasayansi, jina langu la pili baada ya lake, na akanidokeza kwamba ukikubaliwa, nafasi yangu ya shahada ya uzamili ni kama ipo. Ungetumwa Ijumaa. Kwa kumbukumbu tu, akasema, nimpatie picha kamili ya lile bamba.

Nikaifungua picha kamili. Mwenyeji alikuwa pale kushoto, na doa lake juu, na mkia wake. Kwenye mstari wa Mama Maabara, kimo kile kile, doa lile lile. Na chini yake, hafifu lakini upo, mkia.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lingine. Ile "shughuli" aliyokuwa nayo asubuhi ile ilikuwa sherehe ya kumuaga. Alistaafu siku hiyo hiyo. Saa nane mchana alisimama mbele ya watu wote kwa gauni la kitenge, akapewa jiko la gesi na saa ya ukutani, akang'aa.

Zikapita siku tisa za kutazama mabati. Alhamisi, siku moja kabla ya muhtasari kutumwa, nililifunga bamba kwa gazeti, nikalitia kwenye begi, nikaenda Ihanja, alikohamia baada ya kustaafu.

Nilimkuta uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, kanga kiunoni, vumbi hadi kwenye kope. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo. Miguu yake ilikuwa myeupe kama iliyopakwa unga, na mikono ina michirizi. Aliponiona akaangusha fimbo.

"Simama hapo hapo! Usije! Geuka!"

Nikageuka, nikatazama barabara. Nyuma yangu nilisikia mlango, maji kwenye beseni, kimya, kisha mlango tena.

"Haya. Karibu."

Alikuwa anang'aa. Miguu, mikono, hata viwiko. Hakika nilisafiri kwenda kuuliza swali, na nilijibiwa kabla sijatoa salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Umepata jibu gani huko?"

"Sijaleta jibu, mama. Nimeleta bamba."

Hilo lilimkalisha. Aliweka kigoda chake juani, akafuta mikono yake kwenye kanga kwa makini, kila kidole, akalishika bamba kwa kingo kama alivyonifundisha. Alilitazama muda mrefu. Kuku wakapita katikati yetu.

"Huyu mwenyeji namjua. Na huyu wa pili naye ni alizeti," alisema. "Ya kijijini. Mkono wa nani?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi saba. Zote zikapotea. "Wako, mama."

Hakuinua uso. Alilisogeza bamba mbali, akalisogeza karibu, kama mtu anayetumaini macho yake yamezeeka.

"Nilipaka saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Halafu nikakumbuka selotepu yako, nikajifuta kwa kanga. Nikajisugua sana. Nikajua yatakuwa yametoka." Akaweka bamba magotini. "Ulitaka nisimame mbele ya watu wote nimepauka? Niagwe kama gunia la unga?"

"Hapana, mama."

"Basi."

"Lakini ungeniambia tu, mama. Tungefanya siku nyingine."

"Na wewe ungeniuliza wiki ile ile!"

"Niliogopa kukuita mwongo."

"Mimi nimewaita waongo wazee wangapi mbele yako, na chai wakanywa?" Akanikazia macho. "Na wale wa Ikungi uliwabandua siku gani?"

"Siku ya gulio."

Alifumba macho. "Msomi. Nani anakwenda gulioni amepauka?"

Nilimweleza yote, muhtasari, Ijumaa, shahada ya uzamili. Nikamweleza pia kwamba msimamizi hakumwona mwenyeji kwa sababu mimi nilimkata kwenye picha. Nilisema harakaharaka, nikidhani ni jambo dogo.

Alisimama.

"Umefanya nini?"

"Nilimkata, mama. Niliona..."

"Umemkata mwenyeji?"

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kinyaturu, na yalichukua muda. Jirani alitokeza kichwa juu ya ua, akasikiliza, akarudi ndani akitikisa kichwa. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa ametulia kidogo. "Mimi nimepaka mafuta," alisema. "Ni kosa. Lakini mwenyeji alikuwepo, angenisema. Wewe umemziba mdomo."

Nilijua kwamba ni kweli, na nilijua pia kwamba kama ningepanda gari kurudi mjini, ningelifikiria jambo hili hadi Ijumaa ipite, halafu ningesema, bahati mbaya, limekwisha tumwa. Najijua. Nikamuuliza mtandao unapatikana wapi. Akanionyesha jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Nikapanda kwa magoti, nikasimama juu, upepo unanipeperusha shati, nikapiga.

"Naomba tusitume," nilimwambia msimamizi. "Lile doa ni mafuta ya alizeti. Walipaka, wote. Hata yule wa uhakika."

"Una hakika?" aliuliza.

"Mwenye mkono amesema. Na mstari wa kwanza, ambao niliukata kwenye picha, unasema hivyo hivyo. Niliukata mimi."

Akasema kwamba hatautuma muhtasari, si kwa jina lake wala langu, na kwamba kuhusu ile nafasi hawezi kuahidi kitu kwa sasa. Alisema kama nina sampuli ya mtu ambaye kweli hajapaka, nimtumie picha yake, nzima. Hakuaga vizuri. Nilibaki jiweni kidogo. Nilisikia njaa, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku tisa.

Niliposhuka nilimkuta ameinama kwenye beseni anajisugua miguu kwa sabuni ya kipande.

"Unafanya nini, mama?"

"Naanza siku ya kwanza. Hesabu."

"Lakini Jumapili si kuna kipaimara cha mjukuu wako?"

"Nitavaa soksi." Alisugua kiwiko kama anayekwangua sufuria. "Na wewe, kuanzia leo. Huwezi kunibandua mikono yako inanuka nazi."

Alhamisi iliyofuata alikuja maabara kwa miguu kutoka stendi. Soksi nyeusi, mikono mirefu, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Vijana wa kijiweni hawakumtambua; ilikuwa mara ya kwanza kupita bila kutaniwa, na nadhani ilimuuma. Ndani ya maabara aliiamkia oveni. Nami nikaiamkia. Alikunja mkono, na ngozi ilikuwa kama uwanja uliochorwa kwa majivu. Wangu haukuwa bora.

"Kanisani ilikuwaje?" niliuliza.

"Mkwe wangu aliniuliza kama naumwa. Bandika."

Nilimbandika yeye, nikajibandika mimi. Aliponipa mrija wa kudondoshea, alitazama tu rafu ya juu. Nikaishusha chupa, nikadondosha alizeti kwenye mstari wa kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Bamba lilipotoka kwenye oveni tulisogeleana dirishani. Mwenyeji alikuwa juu kushoto, mweusi, na mkia wake. Mistari yetu miwili ilikuwa na madoa matatu ya chini, safi, kama vitabu vinavyosema, na juu, mahali pa ule ugunduzi, palikuwa na kivuli hafifu kama pumzi kwenye kioo. Basi.

"Kwa hiyo ngozi yangu ni kama ya watu wote," alisema Mama Maabara.

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani mimi angalau ningekuwa na kitu."

Alichukua mkoba, akatoka barazani, na kupitia mlango uliokuwa wazi nikamsikia akifungua kichupa na kushusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani. "Msomi!" aliita. "Njoo nikumiminie, unatia aibu!"

"Nakuja, mama!"

Niliweka bamba juu ya karatasi nyeupe, nikapiga picha, pembe zote nne. Chini yake nikaandika: mstari wa kwanza, mafuta ya alizeti, Ihanja. Nikabonyeza kutuma kabla sijaanza kufikiri.